Takhmisi ya Mitambo: Nyongeza za Kubuni katika Michezo ya Video na Ulinganifu Wake na Kazi Asilia, 1982–2016

Utangulizi

Kazi moja ya sanaa kuzaa nyingine si jambo geni katika historia ya fasihi. Watunzi wa tanzia za Kiyunani walichota visa vyao katika visasili ambavyo hadhira yao ilivijua tangu utotoni. Shakespeare naye hakubuni visa vingi vya tamthilia zake bali alivirithi. Hata hivyo, katika miongo minne iliyopita umezuka utanzu ambao wahakiki wengi wa fasihi wameupita kando kana kwamba hauwahusu. Huo ni mchezo wa video uliojengwa juu ya riwaya, hadithi fupi au filamu iliyotangulia. Aghalabu michezo ya aina hii huchukuliwa kuwa bidhaa ya madukani tu, chombo cha kuwapotezea vijana wakati, na kwa hiyo haistahili kuwekwa kwenye mizani ya uhakiki.

Msimamo huo una udhaifu mmoja mkubwa. Baadhi ya michezo hii haikunakili kazi asilia, bali iliiongezea: wahusika wapya, nchi mpya, karne nzima za historia, hata miisho ambayo mtunzi wa kwanza hakuiandika. Baadhi ya nyongeza hizo zimekita mizizi kiasi kwamba mpokezi asiyejua historia ya utunzi hawezi kubainisha zilipoanzia. Nyingine zimekataliwa kama mwili unavyokataa kiungo kigeni. Swali la makala haya ni moja: ni kitu gani hasa kinachoifanya nyongeza iliyobuniwa na watu wengine, katika chombo kingine, ikae ndani ya ulimwengu wa mtunzi asilia kana kwamba ilikuwapo tangu mwanzo?

Tutalijibu swali hili kwa njia ya kihistoria, tukianza na mchezo wa 1982 na kuishia na ule wa 2016, tukigusia pia yaliyojiri baadaye katika suala la umiliki. Hatudai kwamba mifano yetu inaumaliza uwanja. Tumeiteua kwa sababu kila mmoja unaonyesha hatua mahususi katika makuzi ya sanaa hii.

Kipimo: takhmisi kama nadharia

Mhakiki wa Kiswahili halazimiki kwenda mbali kutafuta kipimo. Katika ushairi wetu mna bahari ambayo kazi yake yote ni kuongezea: takhmisi. Mshairi huchukua shairi la mwenziwe lenye beti za mishororo miwili, akaongeza mishororo mitatu hadi ubeti ukatimia mitano. Takhmisi iliyo maarufu zaidi katika mapokeo yetu ni ile inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, juu ya shairi linalonasibishwa na Fumo Liyongo.

Tukiichunguza kaida ya takhmisi, tutaona kuwa imejengwa juu ya masharti matatu. Kwanza, kuna sharti la nafasi. Mishororo mipya haitupwi popote. Hutangulia ile ya asili na kuiacha ikae mahali pake pasi na kubadilishwa hata neno. Pili, kuna sharti la kina. Mshairi wa pili hana uhuru wa kuchagua vina anavyovipenda, kwani hulazimika kufuata kina cha mshororo wa kwanza wa mtunzi asilia. Tatu, kuna sharti la mwelekeo. Mishororo iliyoongezwa lazima imwelekeze msomaji kwenye maana ya ile ya zamani, hivi kwamba akiifikia aione kuwa nzito zaidi kuliko alivyoiona ilipokuwa peke yake.

Tutayahamishia masharti haya kwenye ulimwengu wa kubuni. Nafasi itamaanisha pengo lililoachwa wazi na kazi asilia. Kina kitamaanisha sheria za ulimwengu ule: yanayowezekana na yasiyowezekana humo. Mwelekeo utamaanisha swali la kimaadili linaloisumbua kazi asilia na ambalo nyongeza inapaswa kulibeba. J.R.R. Tolkien, katika mhadhara alioutoa mwaka wa 1939 katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, alieleza kwamba mtunzi wa ngano za ajabu huumba ulimwengu wa pili ambao akili ya msomaji huingia na kuuamini maadamu sheria zake hazivunjwi. Zikivunjwa, imani huporomoka papo hapo. Kauli hiyo yamhusu mwenye kuumba. Sisi tunaipeleka kwa mwenye kuongezea, ambaye kazi yake ni ngumu zaidi kwa kuwa sheria si zake.

Kabla ya kuingia katika michezo yenyewe, inafaa tukumbuke kielelezo kimoja kutoka katika fasihi andishi. Antoine Galland alipoichapisha tafsiri yake ya Kifaransa ya Alfu Lela Ulela kati ya 1704 na 1717, aliingiza humo kisa cha Aladdin na kile cha Ali Baba, visa ambavyo havikuwamo katika miswada ya Kiarabu aliyokuwa akiifasiri. Alivipata mwaka wa 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Kimaroni kutoka Aleppo aliyekuwa Paris wakati huo. Leo ukimwuliza msomaji wa kawaida, awe wa Lamu au wa London, akutajie kisa kimoja cha Alfu Lela Ulela, huenda akataja mojawapo ya hivyo viwili. Nyongeza imekaa kwenye kiti cha mwenyeji. Ni bayana, basi, kwamba kutokuwamo katika matini ya kwanza si dosari ya kutosha kuihukumu nyongeza.

Hatua ya kwanza: wahusika wanaotenda wenyewe, 1982

Mwaka wa 1982 kampuni ya Melbourne House ilitoa mchezo wa The Hobbit, uliotungwa huko Australia na kikundi cha Beam Software. Uliegemea riwaya ya Tolkien ya 1937, na nakala ya riwaya hiyo iliuzwa pamoja nao. Mchezaji aliandika amri kwa maneno, na tarakilishi ikamjibu kwa maneno, pamoja na picha chache za mahali alipofika.

Kwa mtazamo wa kijuujuu hapakuwa na nyongeza yoyote: Bilbo ni yule yule, Gandalf ni yule yule, joka ni lile lile. Lakini watunzi, ambao miongoni mwao walikuwamo Philip Mitchell na Veronika Megler, waliwapa wahusika wadogo uwezo wa kwenda na kutenda bila ya kusubiri amri ya mchezaji. Thorin aliweza kuketi na kuanza kuimba kuhusu dhahabu ilhali mchezaji yuko hatarini. Gandalf aliweza kuondoka bila kuaga. Wachezaji wa wakati huo waliyacheka mambo haya, nayo yakawa mzaha uliodumu kwa miaka mingi.

Hata hivyo, mhakiki akiirudia riwaya ataona kuwa Thorin wa Tolkien ni mhusika ambaye tamaa ya dhahabu humsahaulisha yote yanayomzunguka, na kwamba Gandalf wa Tolkien huondoka safarini bila kutoa maelezo ya kutosha. Kwa hiyo nyongeza ya kwanza iliyofanikiwa katika utanzu huu haikuwa kisa kipya wala mhusika mpya. Ilikuwa kanuni ya kutenda, iliyozalisha vitendo ambavyo Tolkien hakuviandika lakini ambavyo tabia za wahusika wake zilikwisha kuviruhusu. Jambo hili tutalirejelea.

Hatua ya pili: pengo la Plato, 1992

Miaka kumi baadaye kampuni ya LucasArts ya Marekani ilitoa Indiana Jones and the Fate of Atlantis, mchezo ulioongozwa na Hal Barwood na Noah Falstein. Filamu tatu za Indiana Jones zilikuwa zimekwisha kutoka, ya 1981, ya 1984 na ya 1989, na kampuni hiyo ilikuwa imeigeuza ile ya tatu kuwa mchezo katika mwaka wake wa kutoka. Safari hii watunzi hawakuwa na filamu ya kufuata. Walilazimika kubuni kisa kizima.

Walipata nafasi yao katika falsafa ya Kiyunani. Plato alikisimulia kisa cha Atlantis katika majadiliano mawili, Timaeus na Critias. La pili limekatika ghafla, Zeus akiwa karibu kuanza kunena; la tatu, ambalo lingemhusu Hermocrates na ambalo laashiriwa katika maandishi yenyewe, halikuandikwa kamwe. Watunzi wa mchezo walibuni kwamba jadiliano hilo la tatu liliandikwa na kupotea, na kwamba Indiana Jones lazima alitafute. Madini ya orikalko, ambayo Plato anayataja miongoni mwa mali za Atlantis, yakafanywa kuwa nishati ya mitambo ya kale. Hata hesabu za Plato zilipata kazi: mchezo unadai kuwa tarakimu zake zilizidishwa mara kumi kwa makosa, na mchezaji asiyelitambua kosa hilo hupotea njia.

Hapa masharti yote matatu yanatimia kwa namna ya kupendeza. Nafasi ipo, tena si moja bali mbili: pengo katika maisha ya Indiana Jones kati ya filamu na filamu, na pengo katika maandishi ya Plato. Kina kimefuatwa, kwa kuwa filamu zenyewe huanza na kitu cha kale ambacho wasomi wanakijua na wanakitilia shaka, kisha huuliza ingekuwaje kama kingekuwa cha kweli. Mwelekeo nao umehifadhiwa. Katika filamu ya 1981 Wanazi wanalitafuta Sanduku la Agano ili wapate nguvu, na nguvu hizo hizo zinawateketeza. Katika mchezo, wanaotaka kuitumia mitambo ya Atlantis ili wawe miungu wanaangamizwa na mitambo hiyo. Kisa ni kipya, ila funzo ni la kale.

Mhusika mpya, Sophia Hapgood, anastahili kutajwa peke yake. Alikuwa mwanaakiolojia aliyewahi kufanya kazi na Indiana Jones, akaiacha taaluma na kuwa mpiga ramli anayedai kusema na mzimu wa mfalme wa Atlantis. Kwa mtazamo wa kiuhakiki, Sophia ni kinyume cha Jones. Yeye huamini kabla ya ushahidi, ilhali Jones hukataa hata ushahidi ukiwa mbele yake. Mvutano kati ya elimu na imani umo katika filamu zote tatu, lakini hakuna mhusika wa kike aliyeubeba waziwazi kiasi hicho. Hii ndiyo sababu Sophia alirejeshwa katika mchezo mwingine wa 1999: alikuwa amejaza nafasi ambayo haikuwa imeonekana kuwa wazi mpaka alipoingia.

Hatua ya tatu: usahaulifu kama saruji, 2003 na 2007

Mwaka wa 2003 kampuni ya BioWare ya Kanada ilitoa Star Wars: Knights of the Old Republic. Badala ya kujibana katika miaka iliyosimuliwa na filamu, watunzi wakiongozwa na mwandishi Drew Karpyshyn walirudi nyuma takriban miaka elfu nne, katika kipindi ambacho hadithi za michoro za miaka ya 1990 zilikuwa zimekigusa kwa sehemu tu. Faida ya uamuzi huo ni dhahiri: uhuru mkubwa pasi na kukigusa chochote kilichokwisha kusemwa. Hasara yake pia ni dhahiri. Kisa kilichotengwa na asili yake kwa miaka elfu nne huweza kuwa si sehemu ya asili hiyo tena.

Kilichouunganisha mchezo huu na filamu ni fumbo lililo katikati ya msuko wake. Mchezaji huanza akiwa askari asiyejulikana, akatumwa kupambana na Malak, mwanafunzi wa bwana wa uovu aliyeitwa Revan. Baada ya saa nyingi za kucheza, hugundua kuwa Revan ni yeye mwenyewe. Baraza la Jedi lilimnasa, likaifuta kumbukumbu yake na kumpa utu mpya. Filamu ya 1980 ilikuwa imempasulia shujaa wake siri kwamba adui anayemchukia ni babake. Mchezo ulikichukua kina hicho cha utambulisho na kukisogeza hatua moja mbele: adui unayemchukia ni wewe. Na swali la filamu ya 1983, iwapo aliyezama katika uovu aweza kurejea, halijibiwi tena na mtunzi. Mchezaji hulazimika kulijibu kwa vitendo vyake.

Mwaka wa 2007 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitumia mbinu iyo hiyo ya usahaulifu katika mazingira tofauti kabisa. Mchezo wake, The Witcher, uliegemea kazi za Andrzej Sapkowski. Hadithi fupi ya kwanza ya Sapkowski kuhusu Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa ujira, ilichapishwa katika jarida la Fantastyka mwaka wa 1986. Zilifuata hadithi fupi nyingine, kisha riwaya tano zilizotoka kati ya 1994 na 1999. Riwaya ya mwisho inamwacha Geralt amejeruhiwa vibaya katika ghasia za chuki ya kikabila, kisha yu kisiwani pamoja na mpenziwe Yennefer, na msomaji haambiwi waziwazi kama wako hai au wamekufa. Mchezo unaanza na Geralt akipatikana karibu na ngome ya wenzake, hakumbuki lolote.

Si sadfa kwamba michezo miwili mikubwa ya muongo mmoja ilitegemea shujaa aliyepoteza kumbukumbu. Katika riwaya, msomaji aweza kumfuata mhusika anayejua mengi kuliko yeye. Katika mchezo, mtu anayeamua ni mchezaji, naye haujui ulimwengu anaoingia. Usahaulifu huupatanisha ujinga wa mchezaji na ujuzi ambao mhusika alipaswa kuwa nao. Ni saruji inayojaza ufa kati ya chombo kimoja na kingine. Tofauti ni kwamba katika kisa cha Revan saruji hiyo ndiyo nguzo ya dhamira yenyewe, ilhali katika mchezo wa 2007 ilikuwa hasa njia ya kuingilia.

Hatua ya nne: kurudi kisimani, 2015–2016

Ufanisi mkubwa wa CD Projekt ulikuja na mchezo wa tatu wa mfululizo huo, The Witcher 3: Wild Hunt, uliotoka Mei 2015, pamoja na sehemu mbili za ziada zilizofuata mwaka huo na 2016. Kati ya nyongeza zake tutachambua mbili.

Ya kwanza ni kisa cha Phillip Strenger, ajulikanaye kama Baroni wa Damu. Mtu huyu hayumo katika vitabu. Ni askari mlevi aliyejitwalia ngome wakati wa vita, aliyempiga mkewe Anna mpaka mimba ikaharibika, na ambaye sasa anamwomba Geralt amtafutie mke na binti waliotoroka. Kitoto kilichozikwa bila jina kinageuka kuwa kizuka. Geralt aweza kukiua. Au baba aweza kukibeba mikononi mwake, akakipa jina na kukizika chini ya kizingiti cha nyumba, nacho kikageuka kuwa mlinzi wa ukoo. Imani hiyo ya kizingiti haikubuniwa na kampuni. Inatokana na mapokeo ya Kipolandi.

Je, kisa hiki kinakidhi sharti la mwelekeo? Mojawapo ya hadithi fupi za Sapkowski zinazojulikana sana inahusu uovu mdogo: Geralt anakataa kuchagua kati ya maovu mawili, na kukataa kwake kunazaa mauaji. Kisa cha Baroni ni mtoto halali wa hadithi hiyo. Mchezaji humchukia Strenger, kisha humwona akilia juu ya kizuka alichokisababisha mwenyewe, na hakuna njia mbele yake isiyoleta hasara kwa asiye na hatia. Huruma haifuti hatia, wala hatia haifuti huruma. Mchezo haumsamehe mpiga mke, lakini pia haumpi mchezaji raha ya kumhukumu na kwenda zake.

Nyongeza ya pili imo katika sehemu iitwayo Hearts of Stone ya Oktoba 2015. Hapa mwungwana Olgierd von Everec amefunga mkataba na Gaunter O'Dimm, mtu aliyekuwa akijiita mfanyabiashara wa vioo. Amepata alichokitaka, lakini moyo wake umekuwa jiwe, na mapenzi kwa mkewe yamekufa. Mkataba unasema kuwa deni litalipwa wawili hao watakaposimama juu ya mwezi. Olgierd alidhani amekuwa mjanja, kwa kuwa nani awezaye kusimama juu ya mwezi? Siku ya siku anajikuta amesimama juu ya picha ya mwezi iliyonakshiwa sakafuni.

Msomaji wa Poland huitambua asili ya kisa hiki mara moja. Ni kisakale cha Pan Twardowski, mchawi aliyemwahidi shetani roho yake kwa sharti kwamba ichukuliwe Roma, mji ambao hakuwa na nia ya kwenda, akaja kunaswa katika nyumba ya wageni iliyoitwa Roma. Wakati wa kuchukuliwa aliokoka na kubaki juu ya mwezi. Kioo cha kichawi pia kimo katika mapokeo yake. Watunzi wa mchezo wameuchukua mwezi na kioo kutoka katika kisakale na kuvipangia kazi mpya.

Hapa ndipo tunapoipata siri ya ulinganifu wa nyongeza hizi. Sapkowski mwenyewe ni mtunzi wa kuongezea. Hadithi zake za mwanzo zinazisimulia upya ngano mashuhuri za Ulaya: ile ya uovu mdogo ni sura nyingine ya Binti Theluji, na nyingine ni sura ya Mrembo na Mnyama. CD Projekt haikutosheka na kuyateka maji kutoka katika mtungi wa Sapkowski. Ilienda kwenye kisima alikouchotea mtungi huo. Nyongeza iliyoiga sentensi za mtunzi ingekuwa kivuli chake. Nyongeza iliyofuata njia yake ya kutunga ikawa ndugu ya kazi zake.

Pale kina kinapopotea: 2014 na 2017

Uhakiki usioonyesha mfano wa kushindwa haukamiliki. Mwaka wa 2014 ulitoka mchezo wa Middle-earth: Shadow of Mordor, na mwaka wa 2017 ukafuata Shadow of War, yote miwili ikitungwa na Monolith Productions ya Marekani. Shujaa wake Talion ni mlinzi aliyeuawa, akarudishwa duniani akiwa ameunganishwa na mzuka wa Celebrimbor, mfua pete ambaye katika maandishi ya Tolkien aliuawa na Sauron.

Katika mchezo wa pili, Celebrimbor anafua pete mpya ya nguvu ili kushindana na ile ya Sauron. Nafasi ipo, kwa kuwa maandishi yamesema machache kuhusu miaka ile huko Mordor. Lakini kina kimevunjwa, kwa kuwa msuko wote wa The Lord of the Rings umesimama juu ya upekee wa Pete Moja: ikiwa mwingine aweza kufua pete ya kushindana nayo, basi safari ya Frodo ilikuwa njia moja tu kati ya nyingi. Mwelekeo nao umeyumba. Kwa Tolkien, kishawishi kikuu ni kutumia silaha ya adui dhidi ya adui, na wenye hekima hukikataa. Mchezo unayajua haya na unamwonyesha Talion akiharibika. Hata hivyo, kwa saa nyingi kabla ya hapo umemfurahisha mchezaji kwa kumfanya mtawala wa jeshi la maorki.

Lakini mchezo uo huo una nyongeza moja ambayo ni ya Tolkien kuliko kisa chake chote. Tarakilishi huzalisha maorki wenye majina, vyeo na kumbukumbu. Anayemshinda mchezaji hupandishwa cheo. Aliyeponea chupuchupu hurudi na kovu na kinyongo. Na wao kwa wao huchimbiana mashimo wakigombea madaraka. Katika mnara wa Cirith Ungol, Tolkien aliwaonyesha Shagrat na Gorbag wakigombana, na vikosi vyao vikauana kwa sababu ya vazi la kivita la Frodo. Kile alichokionyesha mara moja, mchezo umekifanya kuwa kanuni. Tunarudi hapa kwenye funzo la 1982: katika utanzu huu, nyongeza bora yaweza kuwa sheria ya kutenda, nayo yaweza kuwa aminifu hata kisa kinachoizunguka kisipokuwa hivyo.

Nani mwenye shairi?

Ulinganifu wa kisanaa hauamui hatima ya nyongeza. Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm ilitangaza kuwa riwaya na michezo ya awali ya Star Wars, pamoja na kisa cha Revan, haingehesabiwa tena kuwa sehemu ya historia rasmi ya ulimwengu huo. Kwa tamko moja, kisa kilichokuwa kimeaminiwa kwa zaidi ya miaka kumi kikahamishiwa kwenye rafu ya visakale. Wapenzi wake hawakuacha kumpenda Revan. Mamlaka ya sheria na mamlaka ya hadhira yalikuwa yameachana njia.

Kwa Sapkowski mambo yalikuwa kinyume. Aliuza haki za kutengeneza michezo kwa malipo ya mara moja, akikataa sehemu ya faida kwa kuwa hakuamini kwamba mradi ungefaulu. Oktoba 2018 mawakili wake walidai kampuni imlipe zaidi ya zloti milioni 60, na Desemba 2019 pande hizo mbili zikatangaza mkataba mpya. Kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 50 za mchezo wa tatu zilikuwa zimeuzwa. Hali kadhalika, ile kanuni ya maorki wenye kinyongo ilisajiliwa kuwa hataza nchini Marekani mwaka wa 2021, na kampuni iliyoibuni ikafungwa na wamiliki wake mwaka wa 2025. Kanuni imebaki na mwenyewe kisheria, ilhali waliojua kuitumia wametawanyika.

Katika takhmisi, mishororo ya asili hubaki kama ilivyo na jina la mtunzi wa kwanza hutajwa. Yeyote aweza kupima kama aliyeongezea amemtendea haki. Utaratibu wa kibiashara umeivunja heshima hiyo kwa pande zote mbili: mtunzi wa kwanza aweza kupunjwa, na wa pili aweza kufutwa.

Hitimisho

Tumeona kuwa nyongeza hufaulu pale inapopata pengo la kweli, inapofuata sheria isiyo yake, na inapolibeba swali la kimaadili la kazi asilia bila kulirahisisha. Tumeona pia kuwa nyongeza zilizokita mizizi zaidi zilitokana na watunzi waliojua mtunzi asilia alichota wapi.

Jambo hili linatuhusu. Mwaka wa 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliziweka simulizi za Liyongo katika utendi; humo twasoma kuwa shujaa huyo haingii chuma, huuawa tu kwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba anayeishika sindano ni mwanawe. Siku kisa hiki kitakapogeuzwa kuwa mchezo, watungaji watataka kuongezea, na wana haki. Pengo lipo: utendi unatuambia mwana alitenda nini, lakini moyoni mwake usiku ule panabaki kiza ambacho mtunzi mwerevu aweza kukiingia. Kina nacho kipo: shaba, kitovu, na mwana, atakayeibadilisha sindano kuwa risasi atakuwa ameghani nje ya mizani. Wa kulisema hilo kwa hoja, kabla ya sahihi kutiwa na haki kuuzwa, ni wahakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wasipokuwapo, wengine watalisema kwa niaba yao, au halitasemwa kabisa.